Wanawake wawili wapendanao: mwongozo wa afya ya mwili na kuridhishana

Kwetu Pwani, msichana anapokaribia kuolewa hupewa somo au kungwi wa kumfunda. Huketi naye chumbani siku kadhaa, akamfundisha usafi wa mwili, namna ya kumpokea mume, namna ya kusema anachokitaka na namna ya kukataa asichokitaka bila kuvunja nyumba. Mwanamke atakayeishi na mwanamke mwenzake hafundwi na mtu. Huingia katika mapenzi akiwa na vijineno alivyovisikia barazani na alivyoviona kwenye simu, na mara nyingi huingia na imani mbili ambazo zimewadhuru wengi niliowahi kuzungumza nao: kwamba wanawake wawili hawawezi kuambukizana kitu, na kwamba, kwa kuwa miili yao inafanana, kila mmoja anaujua mwili wa mwenzake bila kuuliza. Hatua zilizomo humu nimezipanga ili kuziondoa imani hizo mbili. Zifuateni kwa mpangilio ikiwa ndio kwanza mnaanza, na kama mmeishi pamoja miaka mingi, anzeni pale panapowauma.

Hatua ya kwanza: zungumzeni kabla ya kuvuliana nguo

Mazungumzo ya kwanza yafanyike mchana, mahali penye faragha, kila mtu akiwa amevaa nguo zake, kwa sababu swali linaloulizwa kitandani husikika kama shutuma hata likiulizwa kwa upole. Atakayeanza aanze kwa kujisema yeye mwenyewe. Aweza kusema: "Mpenzi, kabla hatujafika mbali, nataka ujue kwamba nilipima mara ya mwisho mwaka jana mwezi wa nane, na tangu hapo nimekuwa na mtu mmoja. Na wewe je?" Maneno hayo ni machache, lakini yanamwondolea mwenzako hofu kwamba anahojiwa kama mtuhumiwa.

Yapo mambo ambayo hayafai kuachwa. La kwanza ni historia ya kila mmoja, pamoja na wanaume aliowahi kuwa nao. Wanawake wengi wanaopenda wanawake wamewahi kuolewa, kuzaa, kulazimishwa au kujaribu tu, na historia hiyo haipunguzi uzito wa mapenzi yao ya sasa. Mtu anayeona aibu kuitaja huificha pia kwa daktari, na hapo ndipo maambukizi hupata mahali pa kukaa. La pili ni iwapo mmoja wenu bado ana mume au mpenzi wa kiume, jambo ambalo kwetu si la nadra, kwa kuwa wengine huolewa ili familia inyamaze. La tatu ni yale ambayo mwili wako hauyataki: mahali usipotaka kuguswa, maneno usiyotaka kuitwa, kumbukumbu zinazokurudia. Huna haja ya kueleza sababu siku hiyo. Inatosha kusema, "Hapa sipendi," na mwenzako akakubali bila kukudai maelezo.

Hatua ya pili: pimeni wote wawili, na mjue mnachopima

Magonjwa ya zinaa husafiri kwa ute, damu, na ngozi kugusana na ngozi. Hayahitaji mwanamume. Malengelenge ya sehemu za siri huambukizwa kwa kugusana, na virusi vinavyoleta vile vidonda vya homa pembeni mwa mdomo vinaweza kuhamia kwenye uke kwa njia ya mdomo, hivyo mwenye kidonda mdomoni asubiri kipone kabisa. Kaswende hupita kwa kugusa kidonda chake, na kidonda hicho hakiumi, ndiyo maana wengi hawajui kuwa wanacho. Trikomonasi huhamishwa na vidole vyenye ute au kifaa kilichotoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine. Masundosundo na virusi vya papiloma, maarufu kwa jina la HPV, huenea kwa urahisi sana, na nitavieleza kwa kirefu katika hatua inayofuata. Klamidia na kisonono huambukizwa kwa nadra zaidi kati ya wanawake, lakini huambukizwa.

Kuhusu VVU, ukweli una pande mbili na pande zote mbili zinahitaji kusemwa. Uambukizo kutoka mwanamke kwenda kwa mwanamke kwa njia ya mapenzi ni nadra mno. Hata hivyo haujatajwa kwa kubahatisha: mwezi Machi mwaka 2014, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichapisha taarifa ya wapenzi wawili wa Texas ambao vipimo vya vinasaba vya virusi vyao vilionyesha kwamba mmoja aliambukizwa na mwenzake kwa njia hiyo. Yule aliyekuwa na VVU alikuwa ameacha dawa, na walikuwa wakikutana bila kinga, wakati mwingine katika siku za hedhi. Kinyume chake nacho ni cha uhakika: mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya mapenzi. Kama mmoja wenu anaishi na VVU, jukumu lenu kubwa ni dawa zisikatike, wala hakuna sababu ya kulala vitanda viwili.

Vipimo vya kuomba ni vya VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, na kipimo cha ute kama kuna dalili yoyote. Asiyekuwa na homa ya ini aombe chanjo, ambayo hutolewa kwa dozi 3. Pimeni sasa na mrudie baada ya miezi 3, kwa sababu maambukizi mapya ya VVU yanaweza yasionekane mara moja. Majibu yasomwe na wote wawili. Karatasi iliyosomwa na mmoja na kusimuliwa kwa mwingine si kipimo cha watu wawili.

Suala la kumweleza mhudumu wa afya ni zito, na sitamlaumu anayeogopa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, pamoja na afya ya uzazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya na mwelekeo wa kimapenzi kuwa taarifa nyeti. Pamoja na hayo, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kufuta vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Zanzibar, sheria iliyorekebishwa mwaka 2004 ilitaja usagaji waziwazi na kuuwekea kifungo kisichozidi miaka 5. Uganda ina sheria ya mwaka 2023 yenye adhabu kali zaidi, ingawa Mahakama yake ya Katiba, tarehe 3 Aprili 2024, ilibatilisha vifungu vichache, kikiwemo kile kilichowalazimu watu kuwaripoti wengine. Kwa hiyo pimeni hatari ya mahali mlipo kabla ya kufungua kinywa.

Penye usalama, semeni wazi, kwa sababu mhudumu akijua ataangalia mahali panapostahili. Pasipo usalama, omba kipimo kwa jina lake bila kueleza unalala na nani: "Sista, naomba kupimwa kaswende, homa ya ini na shingo ya kizazi." Akiuliza sababu, jibu kwamba unataka kujua hali yako ya afya. Jibu hilo ni kweli na linatosha. Msiingie chumba kimoja kama kufanya hivyo kutawafichua. Futeni pia picha za majibu kwenye simu ambazo watu wengine hushika.

Hatua ya tatu: usikubali kuambiwa kwamba shingo yako ya kizazi haihusiki

Nilikuwa na miaka 32 nilipokwenda hospitali moja kuomba kipimo cha shingo ya kizazi. Muuguzi aliniuliza mume wangu yuko wapi, na nilipomjibu kwamba sina mume wala mwanamume, alifunga faili na kuniambia kwa upole kabisa kwamba basi sina haja ya kupimwa, nirudi nitakapoolewa. Nilitoka nikiwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nakiogopa kile kipimo. Miaka 4 ilipita kabla sijajua kwamba aliniambia jambo lisilo sahihi. Ninaandika mwongozo huu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya siku ile.

Karibu saratani zote za shingo ya kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Virusi hivi hupita kwa ngozi ya sehemu za siri kugusana, kwa mikono na kwa vifaa. Mwanamke ambaye hajawahi kulala na mwanamume hata mara moja anaweza kuvipata kutoka kwa mwanamke. Mwili huviondoa wenyewe mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Visipoondoka, huchukua miaka mingi kugeuza chembe za shingo ya kizazi kuwa saratani, na ndani ya miaka hiyo, mabadiliko yakionekana, hutibiwa kwa urahisi. Anayenyimwa kipimo ananyimwa miaka hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha vinasaba vya virusi kuanzia umri wa miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ya saratani hii ni kama mara 6 ya mwanamke asiye na VVU, kipimo kianze akiwa na miaka 25 na kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Vituo vingi vya Kenya na Tanzania vinatumia njia ya siki: mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Huchukua dakika chache.

Ikiwa hujazoea kuingiziwa kitu ukeni, mwambie mhudumu kabla hajaanza, na umwombe kile kifaa cha kufungulia uke kiwe cha ukubwa mdogo. Waweza kuomba ukiingize mwenyewe, na waweza kusema "simama" naye akasimama. Mahali ambapo kipimo cha vinasaba kinapatikana, kuna njia ya kujichukulia sampuli wewe mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, bila kufunguliwa na mtu, na kwa wanawake waliowahi kubakwa njia hiyo ni nafuu kubwa.

Chanjo ya virusi hivi ilianza kutolewa kwa wasichana Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Kama mna binti nyumbani, wa kumzaa au wa kumlea, achanjwe katika umri uliopangwa na serikali, maana chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi. Aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa atakapofika umri.

Hatua ya nne: kinga ya nyumbani

Anza na kucha. Zikate ziwe fupi na uzipige tupa mpaka pembe zake zisikwaruze ukizipitisha kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kwa sababu mchubuko usioonekana kwa macho ni mlango tosha wa maambukizi. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Mwenye jeraha kidoleni, au aliyepaka hina yenye kemikali kali ambayo bado inawasha, avae glavu za mpira, zile zinazouzwa katika duka la dawa.

Kwa mapenzi ya mdomo kuna kipande chembamba cha mpira kinachotandazwa juu ya uke, ambacho ni vigumu kukipata madukani kwetu. Kitengenezeni wenyewe: chukua kondomu isiyotumika, kata ncha yake na ile pete ya chini, kisha ipasue kwa urefu kwa mkasi, itafunguka kuwa kitambaa cha mraba. Upande mmoja uwe wa mdomo na mwingine wa mwili, na usigeuzwe. Glavu nayo hupasuliwa hivyo hivyo. Sitadai kwamba wapenzi wote waliopima na kutulia watumie kipande hicho kila siku. Kitumieni mpaka majibu ya vipimo yatoke, wakati wa hedhi kama mmoja ana VVU au homa ya ini, na wakati wowote penye kidonda.

Vifaa vya starehe vifunikwe kwa kondomu, na kondomu ibadilishwe kabla kifaa hakijatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na vilevile kabla hakijatoka nyuma kwenda mbele. Kifaa cha silikoni kisicho na mota kinaweza kuchemshwa kwa dakika kadhaa, lakini vile laini vya mpira wenye vinyweleo havitakasiki hata kwa kuoshwa sana, kwa hiyo visitumike bila kondomu. Asiye na uwezo wa kununua asitumie chupa, mboga isiyooshwa wala kitu chochote kisicho na kitako kipana kikielekezwa nyuma, kwa sababu kinaweza kupotelea ndani na kumpeleka mtu upasuaji.

Ukavu huchubua, hivyo kilainishi kinahitajika. Mafuta ya nazi na Vaseline huharibu mpira wa kondomu na glavu, tena kwa dakika chache tu, kwa hiyo palipo na mpira tumieni kilainishi cha maji.

Hatua ya tano: harufu, ute na dawa za kujinunulia

Kuna hali moja ambayo huwapata wanawake wanaopenda wanawake zaidi kuliko wengine, na imeharibu mapenzi mengi kwa sababu ya aibu. Bakteria wazuri wa uke hupungua na wengine huzidi, kukatoka ute mwepesi wa kijivu au mweupe na harufu kama ya samaki, ambayo huongezeka baada ya kukutana au wakati wa hedhi. Mmoja akiwa nayo, uwezekano ni mkubwa kwamba mwenzake naye anayo. Hali hii si uchafu na si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya uhusiano. Wengi hudhani ni fangasi, wakanunua krimu ya fangasi dukani, isifae kitu, kwa sababu fangasi hutoa ute mzito kama maziwa yaliyoganda, huwasha sana na hauna harufu hiyo. Nendeni mkapimwe wote wawili. Dawa inayotolewa kwa kawaida ni metronidazole, miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, na imalizwe hata kama harufu imetoweka siku ya tatu.

Uke hujisafisha wenyewe. Osha sehemu za nje kwa maji, na usiingize sabuni, maji ya ndimu, dawa ya meno, wala shabu ya kubana. Najua kwamba shabu ni urithi wa mabibi zetu na kwamba kuisema vibaya ni kama kuwasema wao, lakini hukausha na kuchubua utando wa ndani, na utando uliochubuka hupokea virusi kwa wepesi. Udi ufukizeni chumbani na kwenye kanga, asumini iwekwe kitandani na singo ipakwe mwilini. Uzuri wa faragha ya Pwani uko humo, na hauna madhara.

Hatua ya sita: ujue mwili wa mwenzako kama mwili wa mtu mwingine

Hapa ndipo ile imani ya pili inapoanguka. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa Melbourne, Helen O'Connell, alichapisha uchunguzi wake ulioonyesha kwamba kinembe ni kiungo kikubwa kuliko vitabu vya udaktari vilivyokuwa vikieleza: kile kinachoonekana nje ni ncha tu, na sehemu kubwa imefichika ndani, ikiuzunguka uke kwa matawi mawili. Matawi hayo hayako sawa kwa kila mwanamke, wala mishipa ya fahamu haikutawanyika kwa namna moja. Kinachokufikisha wewe kileleni kinaweza kumkera mwenzako au hata kumuumiza.

Jambo hili lina maana ya pekee kwa waliokeketwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Wengi wao huambiwa kwamba hawatapata raha tena maishani, nao huamini. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kinembe imebaki ndani, wengi wao bado wanahisi, ila njia ni tofauti na huhitaji muda mrefu zaidi, kilainishi, na mkono usio na haraka. Kovu likiuma, msilazimishe. Muoneni daktari wa wanawake, maana yapo makovu yanayoweza kufunguliwa.

Wekeni jioni moja kwa ajili ya kujifunza tu, bila lengo la kufika kileleni. Mmoja alale, mwingine aguse polepole kuanzia kichwani, na aliyelala aseme neno moja kwa kila mguso: zaidi, taratibu, hapana, hapo. Kisha mbadilishane. Wanawake wawili wanaojua kusemezana hivi hupata mengi: katika utafiti wa Marekani wa zaidi ya watu 52,000, uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 86 ya wasagaji walisema kwa kawaida hufika kileleni wanapokutana na wapenzi wao, ikilinganishwa na asilimia 65 ya wanawake wanaolala na wanaume. Waliofika mara kwa mara, wa kila aina, walikuwa pia wale wanaosema wanachokitaka na wanaochanganya busu refu, mkono na mdomo. Kujifanya umefika ili mwenzako afurahi kunamfundisha kosa, naye atalirudia miaka yote kwa nia njema.

Maumivu ya kila mara wakati wa kuingizwa kidole, damu isiyo ya hedhi, au ukavu mkali baada ya kukoma hedhi ni mambo ya daktari.

Hatua ya saba: hamu inapopungua

Mwaka 1983 wanasosholojia wawili wa Marekani, Philip Blumstein na Pepper Schwartz, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya maelfu ya wapenzi, wakaeleza kwamba wasagaji walikutana mara chache kuliko wapenzi wa aina nyingine zote. Tangu hapo jambo hilo limesimuliwa kama ugonjwa usioepukika, na wapo wanawake wanaovunja nyumba kwa kuhesabu siku. Watafiti wa baadaye waliuliza swali bora zaidi, yaani mnapokutana huchukua muda gani na mnaridhika kiasi gani, na wakakuta kwamba wanawake wawili hukaa muda mrefu zaidi kila wanapokutana, na kuridhika kwao si pungufu. Usijipime kwa hesabu ya watu wengine. Swali la kujiuliza ni iwapo kuna mmoja wenu anayesikitika kimya kimya.

Yupo anayesubiri hamu ije ndipo aanze, na hamu haiji. Daktari wa Kanada, Rosemary Basson, alieleza mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi walio katika uhusiano wa muda mrefu hamu hufuata baada ya mwili kuamshwa, wala haitangulii. Katika nyumba ya wanawake wawili, wote wakiwa wa namna hiyo, kila mmoja humngoja mwenzake na usiku unapita. Pangeni siku. Ndiyo, pangeni, kama mnavyopanga safari ya kwenda kwa wazazi. Siku hiyo simu ziwekwe mbali, mle mapema, muoge pamoja, mkandane mgongo. Ikitokea mkaishia kulala mmekumbatiana, siku hiyo haijapotea. Anayesema "leo hapana" ataje mwenyewe siku nyingine, asimwache mwenzake akidhani ameachwa.

Kuna pia wale ambao wamekuwa chanda na pete kupita kiasi: marafiki wamoja, kazi moja, simu moja, mpaka hakuna habari mpya ya kuletana nyumbani. Kila mmoja awe na jioni yake, marafiki zake na shughuli yake. Mtu humtamani anayerudi kutoka mahali.

Hatua ya nane: ugomvi, pesa na usiri

Wanasaikolojia John Gottman na Robert Levenson, waliofuatilia kwa miaka 12 jozi 21 za wapenzi wa kike na jozi 21 za wapenzi wa kiume nchini Marekani, waliandika mwaka 2003 kwamba wapenzi wa jinsia moja walianza mabishano kwa upole na ucheshi zaidi na kwa ubabe mdogo kuliko mume na mke. Funzo la kuchukua kwa matumizi ya nyumbani liko katika dakika za mwanzo: anza kwa kutaja jambo lililotokea na jinsi lilivyokugusa, kisha ombi lako. "Jana uliponikana mbele ya binamu yako niliumia, naomba siku nyingine tupange kabla utaniitaje." Usianze kwa "wewe kila siku."

Mfano huo sikuuchagua ovyo, kwa kuwa kukanwa ndiyo maumivu ninayoyasikia zaidi. Mmoja huitwa rafiki, mpangaji au dada, na kwenye msiba wa mkwe wake huketi nyuma na majirani. Yapangeni mapema: nani anajua, nani hapaswi kujua, mtaitanaje mbele ya wageni, na mmoja akilazwa hospitalini nani atapigiwa simu. Aliye tayari kujulikana asimlazimishe aliye na hofu, maana mwenye hofu ndiye anayeijua familia yake.

Pesa nazo zina neno. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, aliyeandika mwaka 1987 kuhusu wasagaji wa Mombasa, aliona kwamba mwenye mali ndiye aliyekuwa na usemi juu ya mwenzake. Miaka imepita, lakini bado naona wanawake wasioweza kusema "sitaki" kitandani kwa sababu kodi ya nyumba inalipwa na mwingine. Asiye na kipato awe na akiba yake, hata ya kidogo kidogo kwenye chama. Anayekupiga, anayekutisha kwamba atakuanika kwa wazazi wako au kwa mwajiri, au anayekulazimisha tendo, anafanya ukatili, na kuwa mwanamke hakumpunguzii kosa. Kenya kuna namba ya bure ya msaada, 1195.

Na kama mmoja wenu amebakwa na mwanamume kwa kisingizio cha kumrekebisha, jambo linalotokea, fikeni kituo cha afya ndani ya saa 72 ili aanze dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, ila mapema ni bora. Asioge kabla ya kuonwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Anayemsindikiza asimuulize alikuwa amevaa nini wala alipita wapi.

Mwisho wa kila mwezi, ketini chini kwa nusu saa, chai ikiwa mezani, na muulizane maswali matatu yale yale: ni lini mwezi huu ulijisikia kupendwa, ni lini ulivumilia kitu ambacho hukukitaka, na kipimo gani kimefika tarehe yake. Anayejibu asikatizwe mpaka amalize. La mwisho liandikwe kwenye kalenda kabla hamjainuka.